Bruxelles 1958: Nani Aliwapa Haki ya Kuweka Uzio?

Kosa lilikuwa uzio. Sitazunguka mbuyu. Aliyeamua kuzungushia miti kile kijiji cha mafundi Wakongomani waliowekwa watazamwe kwenye Maonyesho ya Dunia ya Bruxelles, mwaka 1958, alitoa uamuzi mbovu kuliko wote uliotolewa katika miezi sita ya maonyesho yale. Urefu wa mnara wa Atomium, mita 102, haulifuti kosa hilo. Watu milioni 41 waliopita milangoni hawalifuti. Wengi hupenda kuliita suala la adabu ya watazamaji. Mimi nasema ni suala la ufundi wa kuandaa mchezo, na fundi aliyelikosea alikuwa na kila sababu ya kulijua.

Kazi nzuri ilikuwepo, niitaje nipite. Kwaya ya Troubadours du Roi Baudouin, watoto na walimu wa Kamina chini ya padri Guido Haazen, waliimba kama walivyoimba, na misa yao, Missa Luba, inasikilizwa hadi leo. Intore, wachezaji wa Rwanda, walicheza kama intore. Basi.

Sasa turudi kwenye miti ile.

Picha nyote mmeiona. Hupita kwenye simu zetu hapa Maniema, Kasongo mpaka Kabambare, kila sikukuu ya uhuru ya tarehe 30 Juni inapokaribia: binti mdogo wa Kiafrika ndani ya uzio, amevaa gauni safi, na mama wa Kizungu upande wa nje amenyoosha mkono kumpa kitu. Watu huitazama wakakasirika, wakaituma kwa wengine, ikaishia hapo. Mimi nawaomba safari hii muache sura, mtazame vipimo. Uzio ule ni mfupi. Mtu mzima anaona kila kitu kilichomo ndani bila kujiinua. Kwa hiyo haukuwekwa kuficha kitu, na mwizi hauwezi kumzuia. Umepimwa hivi kwamba jicho linapita, mkono unapita, mguu haupiti. Ubaya wote umo katika kipimo hicho kimoja.

Kwani ngoma huingiwa kwa mguu. Mtazamaji wa kwetu ni mchezaji ambaye zamu yake haijafika. Ukitaka kuona ninachosema, kaa kwenye harusi yoyote ya Kasongo, uitazame duara yenyewe, umwache bibi harusi. Ngoma kubwa inatoa mlio, mwimbishaji anatupa mstari, waitikiaji wanaupokea, na mama mmoja anachomoka upande wa wanawake na noti ya franka mkononi. Hatembei, anacheza. Anamwendea mchezaji kwa hatua zinazofuata ngoma, anambandikia noti kipajini, anageuka, anarudi mahali pake akiwa bado anacheza. Njia nzima watu wanamtazama. Akipotea kwenye mdundo anachekwa. Akiupata anapigiwa vigelegele, na hapo mchezaji anamjibu kwa kushuka magoti au kuongeza kasi. Noti ile ameilipia kwa mwili wake kabla haijatoka mkononi. Huko ndiko kutunza, na mcheza kwao hutunzwa kwa namna hiyo.

Tazameni sasa kilichotokea Bruxelles. Mtazamaji hana pa kuingilia. Hawezi kucheza, kwa sababu hakuna duara. Hawezi kusalimia, kwa sababu hakuna aliyewekwa kupokea salamu. Lakini mkono wake uko huru, na mtu aliyefurahi, au aliyedharau, au asiyejua afanye nini, atautumia mkono. Wakatupa ndizi. Wakatupa karanga. Mnaweza kuwalaumu, na mimi nawalaumu. Lakini mwandalizi ndiye aliyewapa njia moja tu ya kushiriki, nayo ilikuwa kurusha. Aliyetupa hakuhatarisha kitu chochote. Hakuna aliyemtazama yeye. Hakuna aliyempima hatua. Uzio ulichukua hukumu yote ukaiweka upande mmoja, na mchezo ambao upande mmoja tu unahukumiwa haujawahi kuwa mchezo.

Kosa la pili limo ndani ya lile la kwanza, nalo ni la saa. Kila ngoma ina kuanza, kupanda na kumaliza. Mpigaji akibadilisha mlio, mchezaji anajua sasa anaweza kutoka, afute jasho, anywe maji, awe mtu wa kawaida mbele ya watu wa kawaida. Kijiji cha Bruxelles hakikuwa na mlio wa kumaliza. Mafundi walikaa kwenye vibanda vya nyasi wakafanya kazi tangu wageni walipoanza kuingia hadi walipoondoka, na familia zao hapo hapo. Anayechonga akiacha kuchonga bado anatazamwa. Akila anatazamwa. Mama akimnyamazisha mtoto anatazamwa. Mnyime mchezaji haki ya kumaliza, na hata kukohoa kwake kutakuwa sehemu ya onyesho. Jioni walipandishwa basi mpaka Tervuren, kwenye nyumba iliyojengwa kwa ajili ya Waafrika wa maonyesho karibu na jumba la makumbusho la Kongo, nako ruhusa ya kutembea ilibanwa. Hakuna kushukuru wala kushukuriwa. Asubuhi basi tena.

Kosa la tatu ni la sauti. Ngoma isiyo na mwimbishaji ni kelele, kila mtu wa kwetu anajua. Mwimbishaji ndiye anayesema hawa ni akina nani, wametoka wapi, nani kafiwa, nani kaoa, nani anastahili sifa. Katika sehemu ya Kongo ya maonyesho hayo palikuwa na Congorama, onyesho la mitambo, picha na maelezo lililowasimulia wageni jinsi Ubelgiji ilivyoitoa Kongo gizani. Mashine ilipewa sauti. Fundi aliyekaa hatua chache kutoka hapo, anayejua jina la kila mti anaouchonga, upi unapasuka ukikauka na upi hauliwi na wadudu, hakupewa sauti. Kijiji chenyewe kiliwekwa katika bustani ya mimea ya nchi za joto. Mgeni alitoka kutazama mgomba, akamtazama mtu, akarudi kutazama mgomba. Mpangilio wenyewe ulimwambia awatazame vyote kwa jicho moja.

Mtetezi wa uzio, naye yupo kila mara, atasema umati ulikuwa mkubwa mno, na bila miti wangekanyagana. Hoja hiyo ni nyepesi. Umati ule ule uliwasikiliza watoto wa Kamina bila kuwatupia karanga. Kwa nini? Kwa sababu kwaya ilikuwa na saa ya kuanza na saa ya kumaliza, ilikuwa na kiongozi, na ilisimama mahali palipomwambia mtazamaji: sasa wewe nyamaza. Watazamaji ni wale wale, mwaka ule ule, mji ule ule. Kilichobadilika ni mpangilio. Mkinionyesha mpangilio mmoja ulioleta heshima na mwingine ulioleta ndizi, nitamuuliza mpangaji kabla sijamuuliza mtazamaji.

Tena hakuwa na udhuru wa kutojua. Mwaka 1897, huko huko Tervuren, mfalme Leopold II alileta Wakongomani 267, wakawekwa kwenye vijiji vya maonyesho kando ya bwawa, na umati ukawa unawarushia peremende na vyakula hadi baadhi yao wakaugua. Waandalizi walifanya nini? Waliweka kibao cha kuwaambia wageni kwamba weusi hawa wasilishwe, wanalishwa tayari. Wakongomani saba walikufa kabla ya kurudi, na makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren hadi leo. Miaka 61 baadaye, wale wa 1958 waliwalaza watu wao mji ule ule, karibu na makaburi yale, na asubuhi wakawapeleka kwenye uzio. Walikuwa na habari zote na makaburi yote saba, na wakarudia.

Sasa niruhusuni nimtaje mtu ambaye safu hii haitachoka kumtaja. Mwezi Januari 1960, haijafika hata miaka miwili baada ya uzio, mwimbaji Joseph Kabasele aliingia Bruxelles na bendi yake ya African Jazz. Docteur Nico kwenye gitaa, Déchaud pembeni yake, Roger Izeidi, Petit Pierre, na kutoka bendi ya OK Jazz, Vicky Longomba na Brazzos. Walikuja kwa ajili ya wajumbe wa Meza ya Duara, mkutano wa kupanga uhuru wa Kongo, na huko Hotel Plaza wakapiga wimbo wa Indépendance Cha Cha wakati tarehe ya uhuru ilipokuwa imepangwa. Lumumba, ndugu wa Wakusu wetu wa huku, alikuwa ametolewa gerezani kuja kuketi kwenye meza hiyo. Tazameni ufundi wa Kabasele. Hakuja kutazamwa; alikuja kuchezesha. Mahali penyewe palikuwa sakafu ya dansi, na sakafu ya dansi haina uzio kwa sababu asiyecheza ndiye anayeonekana mgeni. Wimbo unataja vyama na majina ya viongozi, kazi ya mwimbishaji kabisa, kwa hiyo aliyesimama ukumbini anasikia anatajwa na kujua nafasi yake. Una mwanzo, una kiitikio kila mtu anaweza kukidaka, una sebene ya Nico ya kukupandisha, una mwisho. Ilikuwa Bruxelles ile ile ya Wabelgiji wale wale. Kabasele alichora mstari mwenyewe, akauchora mahali alipotaka, na Ulaya ikaingia ndani ya duara yake kwa masharti yake. Wanamuziki wa leo wana spika kubwa kuliko nyumba yangu na bado hawajajifunza somo hilo.

Wapo wengine waliolijua. Ravi Shankar wa India, aliposimama New York tarehe 1 Agosti 1971 kwenye tamasha la kuisaidia Bangladesh, aliwaomba watu wasivute sigara wakati anapiga sitar. Wakampigia makofi alipokuwa anarekebisha nyuzi tu, hajaanza kupiga. Akawashukuru na kuwaonyesha kwa upole kwamba bado. Watu wa ukumbi ule walikuwa wamekuja kwa ajili ya gitaa za umeme, na kwa maneno machache aliwafanya wasikilizaji wa raga. Hakuhitaji hata kamba. Mchezaji anayejua kazi yake huweka mpaka kwa mdomo na kwa mlio, na mpaka huo unashika kuliko miti.

Na mwaka 1985, Washington, taasisi ya Smithsonian iliweka mela ya Kihindi katika tamasha lake la mila, kwenye uwanja ule mkubwa wa katikati ya mji. Aliyeisimamia, Rajeev Sethi, alitoka Delhi, ambako tayari alikuwa amefanya kazi na wachezesha vikaragosi, wanasarakasi na wafanya mazingaombwe wa mtaa wa Shadipur, watu masikini waliokuwa na ushirika wao wenyewe. Hilo la ushirika si jambo dogo. Mtu mwenye chama nyuma yake anajua thamani yake kabla hajapanda ndege. Tena mela ni gulio na sikukuu kwa pamoja: kuna vibanda, kuna njia, mgeni anapita katikati, ananunua, anasimama, mwenye kikaragosi anamwita, anamtania, anampa zamu. Walikuwa wageni katika mji wa Kizungu kama mafundi wetu, wametoka mbali kama wao, wamekaa kwenye vibanda kama wao. Tofauti ni kwamba vibanda vya Washington vilikuwa na mlango. Sisemi kila kitu kilikuwa sawa huko; tamasha la serikali halikosi mkono wa serikali. Lakini mpangaji alianza na swali la haki: nyumbani kwao mchezo huu huchezwa wapi, na mtazamaji huingia vipi? Wabelgiji wa 1958 walikuwa na miaka hamsini ya kuitawala Kongo na hawakuwahi kuwauliza wenye ngoma swali hilo.

Mtasema, haya ya Wazungu yamepita, mbona unatuchosha? Ninachosha kwa sababu uzio ule umehamia kwetu. Mimi nimehudhuria sikukuu moja hapa Maniema, kamati yake siitaji. Walialika wacheza ngoma kutoka upande wa Kabambare, Wabangubangu wanaojua kazi, waliosafiri kwa pikipiki kwenye barabara mnayoijua. Kamati ikafunga kamba kuzunguka uwanja. Viti vya wakubwa vikapangwa mbele, chini ya hema. Wananchi wakasukumwa nyuma ya kamba, upande wa jua. Ngoma ikaanza vizuri, mwimbishaji akatupa mstari wake wa kwanza, na kiitikio kikatoka mbali mno, kimechelewa, kwa sababu waitikiaji wa kweli walikuwa nyuma ya kamba. Mama mmoja akainama apite kwenda kutunza. Kijana mwenye fimbo akamrudisha. Akasimama pale na noti yake, kisha akaikunja akaitia kwenye kitenge. Mpigaji alimwona. Ngoma haikupanda tena baada ya hapo. Mkubwa mmoja aliyeketi hemani alituma mtoto apeleke bahasha, na mtoto akaiweka chini, miguuni mwa wachezaji, akarudi mbio. Hakukuwa na hatua hata moja iliyochezwa. Wazee wa ngoma waliitazama bahasha ile kabla ya kuiokota, na mimi nikaikumbuka Bruxelles na karanga zake.

Kisha watu wa Kinshasa wakija huku husema ngoma za Maniema zimepoa, kana kwamba muziki wa nchi hii ulizaliwa na gitaa kando ya Mto Kongo na huku kwetu hapakuwa na kitu ila misafara ya Tippu Tip. Nimelisikia hilo mara nyingi na sitalizoea. Kasongo ni mji wa watu waliotoka pande zote: Wakusu, Wazimba, Wangwana, na Wabangubangu wanaoshuka kutoka Kabambare. Mji wa namna hiyo haukai bila kujua jinsi ya kumwingiza mgeni kwenye duara. Hata kwenye maulidi, kwenye mji ambao Uislamu wake ni wa zamani kuliko utawala wa Wabelgiji, msomaji na wasikilizaji wanaketi kwenye mkeka mmoja, na kiitikio ni cha wote. Ujuzi huo tunao. Tunauacha nyumbani tunapovaa suti za kamati.

Wengine wanadhani dawa ni jukwaa. Sikubali. Jukwaa la mbao refu kama kifua linafaa kwaya na linafaa bendi; kwa ngoma ya duara ni uzio uliolazwa chini. Mchezaji anaonekana na watu wa mbele tu, wa nyuma wanaona vichwa vya wenzao, na hakuna ngazi ya mama wa kutunza. Sasa wameongeza na muziki wa kurekodiwa, mchezaji anacheza juu ya sauti isiyoweza kumjibu. Mpigaji wa kweli humtazama mchezaji miguuni na kumfuata. Akichoka anampunguzia, akipandwa na mori anamkimbiza. Sauti ya kaseti na ya simu haina macho hayo. Nimeyaandika haya miaka yote na nitaendelea kuyaandika mpaka kamati moja inisikie.

Nimalizie na watu wa kijiji chenyewe, maana wao hupewa mstari mmoja wa huruma na kuachwa, wakati ndio waliofanya jambo kubwa kuliko yote pale. Mwezi Julai 1958, maonyesho yakiwa bado na miezi mitatu mbele, walichoka. Wakakataa. Wakaondoka, wakarudi Kongo, na vibanda vikabaki vitupu katikati ya bustani. Waandalizi walikuwa wamewanyima mlio wa kumaliza, wao wakaupiga. Walikuwa wamewanyima mlango, wao wakautoboa. Walikuwa mafundi tu, chini ya utawala wa kikoloni, mbali na kwao, hawana chama wala ushirika nyuma yao, na bado walijua jambo ambalo mpangaji mwenye bajeti ya ufalme hakulijua: mstari kati ya mchezaji na mtazamaji ni mali ya mchezaji. Ndiye anayeuchora, ndiye anayeusogeza, na ukichorwa na mwingine ana haki ya kuondoka.

Kwa hiyo, wenzangu wa kamati za Kasongo na Kabambare, kabla hamjanunua kamba ya sikukuu inayokuja, kabla hamjapanga hata kiti kimoja cha mkubwa, mwiteni mzee wa ngoma uwanjani asubuhi, pakiwa bado patupu. Muulizeni duara inakaa wapi, waitikiaji wanasimama upande gani, mama wa kutunza anaingilia wapi, na nani anatoa ishara ya kumaliza. Akisema hema lisogee, lisogezeni. Akisema hataki kamba, rudisheni kamba dukani. Na mkubwa akitaka kutoa bahasha, ainuke aicheze hadi kipajini kwa mchezaji, sisi wote tukimtazama hatua.